Kinazunguka vibaya: kutafuta chanzo, kuanzia mashine ya kusaga hadi mbuzi wa kizunguzungu

Karakana yangu iko Pasua, Moshi. Natengeneza mota, pampu na mashine za kusaga, na karibu kila kinachofika mlangoni kina shida ya aina moja: kinazunguka vibaya, kimegoma kuzunguka, au kinazunguka pasipotakiwa. Dalili naziandika kwenye daftari, na chini ya kila dalili naandika chanzo nilichokikuta nilipofungua. Mwongozo huu umetoka kwenye daftari hilo. Wanyama nimewaongeza kwa sababu mbuzi wa baba yangu mdogo alinionyesha kwamba maswali ninayoiuliza mota ndiyo hayohayo ya kuuliza zizini.

Maswali ni matatu. Kinazunguka kuelekea upande gani? Kasi ikibadilika, tatizo linabadilikaje? Na ukikiondolea kinachokisukuma, tatizo linakatika papo hapo au linafifia polepole? Yajibu kabla hujagusa spana. Swali la upande ndilo linalorukwa zaidi, na mara nyingi ndilo linalokuonyesha pa kufungua. Chora mshale kwa chaki, kisha andika ulikuwa umesimama wapi ulipotazama, kwa sababu mota inayozunguka kulia ukiwa upande wa puli, ukienda upande wa feni yake utaiona inazunguka kushoto. Nimewahi kubishana saa nzima na fundi mwenzangu, kumbe wote tuko sahihi, tumesimama pande tofauti.

Jambo moja la usalama, na nalisema kwa uzito. Kuzima swichi hakusimamishi kitu kinachozunguka. Zima swichi kubwa, subiri shafti isimame kabisa, toa fyuzi uitie mfukoni mwako, ndipo uingize mkono.

Mashine ya kusaga inatetemeka tangu ibadilishwe nyundo (vyuma vya ndani vinavyoponda nafaka)

Mama mmoja mwenye mashine Njoro alinipigia jioni. "Fundi, tangu tuweke nyundo mpya, mashine inatembea."

"Shikamoo mama. Izimeni kwanza, msisage hata debe moja."

Nilipofika nikakuta hakutia chumvi. Boliti mbili zilikuwa zimeng'oka kwenye simenti na mashine imesogea upana wa vidole vitatu kuelekea ukutani. Tukaikaza kwa muda, tukaiwasha tupu, ikafika kasi yake, nikakata umeme huku nimeweka kiganja juu ya fremu. Mtetemo haukukatika. Ulipungua taratibu, sambamba na kasi, mpaka mashine ikasimama.

Jaribio hilo halina gharama na linagawa kazi nusu kwa nusu. Mtetemo ukikatika mara tu umeme unapokatwa, chanzo kiko kwenye umeme: waya za mota zimeungua sehemu, au njia moja ya umeme (fezi) imepungua nguvu. Ukififia pamoja na kasi, chanzo kiko kwenye chuma kinachozunguka. Hapo sina haja ya kuchukua mita.

Tukafungua kifuniko. Nyundo mpya zilikuwa zimepangwa upande mmoja wa shafti, na upande wa pili zimeachwa za zamani, zilizolika kona mpaka zikawa duara. Aliyezibadilisha alitaka kumwokolea mama hela. Nikazipeleka duka la jirani, tukazipima kwenye mizani ya unga: kati ya nyundo mpya na ya zamani iliyoikabili kulikuwa na tofauti ya gramu 50.

Gramu 50 ni kidogo sana, mtu akikuuzia sukari iliyopungua hivyo huenda usigundue. Lakini ikae sentimita 20 kutoka katikati ya shafti inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta kwa nguvu ya takriban kilo 100. Na inavuta kila upande kwa zamu, mara 50 kwa kila sekunde. Simenti gani itavumilia? Punguza kasi iwe 1,500 na mvuto unashuka mpaka kilo 25, yaani kasi ikigawanywa kwa mbili, nguvu inagawanywa kwa nne. Ndiyo maana swali la pili lina maana kubwa. Tatizo la uzito usiolingana huwa dogo mashine ikianza, kisha linapanda kwa haraka kuliko kasi yenyewe.

Tiba yake: nyundo zote zipimwe, zipangwe kwa jozi, na kila nyundo ikabiliwe na ya uzito uleule upande wa pili. Nyundo ikilika kona moja unaweza kuigeuza itumie kona nyingine, lakini ukigeuza moja geuza zote. Mama alinunua zilizobaki siku iliyofuata, tukapanga, tukamwaga simenti upya. Akaweka glasi ya maji juu ya fremu mashine ikiwa inasaga. Maji yalitikisika juu kidogo tu, na glasi haikusogea.

Nyundo zikiwa sawa na mtetemo ukabaki, angalia puli. Vuta uzi kutoka ukingo wa puli ya mota hadi ukingo wa puli ya mashine. Uzi unatakiwa uguse kingo zote nne. Usipogusa, puli hazikukaa mstari mmoja, na utaona dalili nyingine: mkanda umelika upande mmoja na kuna vumbi jeusi la mpira chini yake. Baada ya puli, angalia beringi. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, ukijiweka mbali na mkanda. Beringi nzima inavuma sauti moja. Inayokufa inakwaruza au inagonga. Kama umeibadilisha mwezi uliopita na imekufa tena, usimlaumu aliyekuuzia kabla hujaangalia mkanda, kwa sababu mkanda uliokazwa kupita kiasi unaivuta beringi usiku na mchana.

Pampu inazunguka vizuri lakini maji hayapandi tenki

Hii inatokea baada ya mota kusukwa upya, au baada ya nyaya za umeme kuguswa. Pampu inawaka, haipigi kelele, maji yanatoka, ila yanatoka kinyonge na tenki la juu halijai. Watu wanafungua bomba lote kutafuta uchafu.

Uliza upande. Mota ya umeme wa njia tatu inazunguka kufuata mpangilio wa nyaya, na ukibadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu, inageuka. Pampu ya impela, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji, ikigeuzwa hairudishi maji kisimani kama wengi wanavyodhani. Bado inayasukuma kuelekea palepale, kwa nguvu pungufu, kwa sababu mapanga ya impela yamepindwa kwa ajili ya upande mmoja. Ndiyo maana tatizo linajificha. Kwenye nyumba ya pampu kuna mshale uliochorwa kiwandani, fuata huo. Kwa pampu iliyozama ndani ya kisima, ambayo huwezi kuiona, funga geji ya presha, jaribu upande mmoja, kisha fundi umeme mwenye leseni abadilishe nyaya mbili ujaribu wa pili. Upande unaotoa presha kubwa ndio wake. Usiiache muda mrefu kwenye upande mbaya, maana impela nyingine zimefungwa kwa uzi wa skrubu na zikizungushwa kinyume zinajifungua.

Mota hiyohiyo ya njia tatu ikinguruma bila kuondoka, njia moja imekatika. Izime mara moja. Ikiwa imekatikiwa njia huku inazunguka, itaendelea kuzunguka, na hapo ndipo inapojichoma: inavuta umeme mwingi kupitia njia mbili zilizobaki mpaka varnishi inanukia chumba kizima.

Pangaboi linanguruma, ukilisukuma kwa fimbo linaondoka

Moshi ina joto, pangaboi ni kitu cha kila nyumba, na hili ndilo swali ninaloulizwa hata msibani. Lijaribu hivi: lisukume taratibu kulia, likiondoka lizime, lisimame, kisha lisukume kushoto. Likiondoka pande zote mbili, upande wowote ulikolisukumia, kapasita imekufa.

Umeme wa njia moja peke yake haujui kulia wala kushoto. Unasukuma na kuvuta tu, kama watu wawili wanaobembeza mlango. Kapasita inafanya umeme wa waya wa pili wa mota usiende sambamba na ule wa waya wa kwanza, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoipa mota upande. Ikidhoofika, pangaboi linakuwa zito hata ukiliweka namba ya mwisho. Soma namba iliyoandikwa kwenye kapasita ya zamani, nunua yenye namba ileile, usiongeze ukidhani litapiga upepo zaidi.

Likiwa linazunguka lakini linayumba, pima kwa futi kutoka dari hadi ncha ya kila panga. Panga moja likiwa chini ya mengine, shika chuma chake ukinyanyue. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Usukani unatetemeka kwenye mwendo fulani tu

Barabara ya Arusha, ukishapita Boma Ng'ombe gari likachanganya, usukani unaanza kutikisika kwenye 80, unazidi kwenye 90, kisha mwendo ukiongezeka unatulia. Wenye magari wengi wanakimbilia alaimenti. Alaimenti inaweka magurudumu yatazame mbele, mtetemo haiuondoi. Unachohitaji ni balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Gramu 20 zikizidi upande mmoja wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa zinavuta chini ya kilo moja na huzisikii. Kwenye 100 zinavuta kama kilo tatu na nusu, zaidi ya mara 14 kwa sekunde. Utulivu unaorudi mbele hauna maana kwamba gari limepona. Kila kitu kilichoning'inizwa kina mwendo wake wa kubembea, na mtoto kwenye bembea anajua usiposukuma kwa wakati wake haendi juu. Gurudumu likipita mwendo huo, usukani unaacha kuitikia, lakini beringi inaendelea kupigwa.

Ukitetemeka unapofunga breki tu, ni diski. Gari likivuta upande mmoja, pima upepo wa matairi kwanza, alaimenti baadaye. Na likivuma kama ndege ya mbali, sikiliza kwenye kona: mvumo ukizidi unapokata kulia, beringi inayolia iko kushoto, kwa sababu ukikata kulia uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Tena ni upande unaokuambia.

Kuna dalili moja inayowachanganya wa balansi wenyewe. Tairi linapimwa, linafungwa risasi (vipande vya uzito vya kusawazisha), linapimwa tena na mashine inasema namba nyingine kabisa. Uliza kama limetiwa dawa ya pancha ya maji. Kioevu kinahama humo ndani kila tairi linaposimama, na hakuna risasi itakayokifuata.

Jambo hilo la kioevu unaweza kuliona jikoni kwa mayai mawili, moja bichi, moja la kuchemsha. Yazungushe kwenye sahani bapa. La kuchemsha linazunguka haraka na kwa muda mrefu. Bichi linajivuta, linayumba. Sasa lisimamishe bichi kwa kidole, uachie mara moja: linaanza tena lenyewe, maana ganda lilisimama lakini ute uliendelea. Kitu chenye sehemu legevu ndani yake kinajila nguvu zake chenyewe kinapozunguka. Wamarekani waliliona hili angani. Satelaiti yao ya kwanza, Explorer 1, iliyorushwa Januari 31, 1958, ilikuwa nyembamba na ndefu kama penseli, na iliachiwa ikizunguka kwenye urefu wake kama mkuki. Ndani ya saa chache ikawa inapinduka kichwa miguu kama rungu lililorushwa. Hakuna kilichoigonga. Ilikuwa na antena nne laini, na kutikisika kwa antena hizo kulikuwa kunakula nguvu kidogo kidogo, mpaka satelaiti ikaangukia kwenye namna ya kuzunguka inayohitaji nguvu ndogo kuliko zote. Leo fundi akiniambia "kilikuwa sawa, kikabadilika chenyewe," swali langu la kwanza ni: nini kimelegea ndani?

Pedeli ya kushoto ya baiskeli haifunguki

Unaifunga zaidi. Uzi wake ni wa kinyume; ifungue kwa kufuata mshale wa saa. Ilitengenezwa hivyo ili mguu wa mwendeshaji usiifungue njiani.

Maji ya sinki yanazunguka kushoto, wakati sisi tuko kusini mwa ikweta

Hapa hakuna kibovu, lakini naulizwa na wanafunzi, na wameshaonyeshwa kule Nanyuki, Kenya, bakuli la maji linalogeuka kila upande wa mstari wa ikweta. Mzunguko wa dunia kweli unageuza vitu vinavyosafiri, ila Moshi iko nyuzi 3 na kitu kusini, na huku kwetu nguvu hiyo ni kama asilimia 6 tu ya ile ya kwenye ncha za dunia. Maji yako yanafuata jinsi yalivyomiminwa na jinsi sinki lilivyoinama. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, alilazimika kutumia beseni la upana wa mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie saa 24 ndipo aone dunia ikiyageuza kinyume cha saa, kama inavyopaswa kaskazini. Ukitaka kuiona nguvu hiyo kwa macho, tazama picha za satelaiti za kimbunga Hidaya kilichopiga pwani yetu Mei 2024. Kilizunguka kwa kufuata mshale wa saa, sawasawa na kanuni ya kusini.

Nyuki anazunguka na kutikisa mkia juu ya sega

Mwache. Anawaonyesha wenzake chakula kilipo. Anatembea mstari mfupi huku anatikisika, anazunguka kulia kurudi alipoanza, anatikisika tena, anazunguka kushoto. Pembe ya mstari huo na wima wa sega ndiyo pembe ya kwenda kwenye maua ukilinganisha na jua, na kadiri anavyotikisika kwa muda mrefu ndivyo safari ilivyo ndefu. Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kusoma ngoma hiyo. Nimeiweka hapa kwa sababu mfugaji mmoja wa Old Moshi alidhani mzinga wake umeingia ugonjwa akataka kuufukiza.

Mtu anaona nyumba inazunguka

Mimi si daktari, nitasema machache. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye maji, na ukijizungusha kisha ukasimama, maji hayo yanaendelea kama ute wa yai bichi. Ndiyo sababu mtoto akiacha kujizungusha anaona ua bado linakwenda. Pia kuna chembe ndogo za chokaa sikioni. Zikihama na kuingia kwenye mrija, mtu anapogeuka kitandani au kuinua kichwa dunia inazunguka, kwa kawaida kwa chini ya dakika moja, kisha inatulia. Hilo linatibika kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu na anayejua. Lakini kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kupinda, maneno kuvurugika, mkono kukosa nguvu au kushindwa kusimama, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Usimpe chai, usimlaze "apumzike". Mpeleke hospitali, Mawenzi au KCMC, saa hiyohiyo.

Kuku amepinda shingo na anazunguka

Mara nyingi ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Tazama wenzake: kama wanasinzia, wanaharisha kijani, wanakoroma, na wanakufa mmoja baada ya mwingine, hakuna dawa ya kuuponya. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, inarudiwa kila miezi 3 hadi 4, na iliandaliwa ivumilie joto la vijijini. Wachanjwe wazima, kabla ugonjwa haujaingia.

Mbuzi au kondoo anazunguka mahali pamoja

Baba yangu mdogo anafuga kule tambarare, chini ya Boma Ng'ombe. Nilikwenda kumfungia pampu, nikamkuta amekaa juu ya ndoo anamtazama mbuzi jike wa kama mwaka mmoja.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huyu nimemchoma sindano ya minyoo mara mbili. Bado anazunguka tu."

Mbuzi alikuwa anazunguka kushoto. Kila mara kushoto. Kichwa kimeinama upande huohuo, miguu imekanyaga duara mpaka nyasi zimeisha. Nikajikuta nauliza yale matatu bila kukusudia. Upande? Kushoto, hajawahi kubadilisha. Anabadilikaje? Alianza kwa kuachwa nyuma na kundi, kama wiki tatu zilizopita, akawa anasimama na kutazama ukuta, sasa anazunguka muda mwingi. Na akiachwa, hasumbuliwi na mtu wala mbwa? Anaendelea vilevile. Hakuna kinachomsukuma kutoka nje. Chanzo kiko ndani.

Tukamwita daktari wa mifugo. Kabla hajafika, jirani Mmasai alipita, akamwangalia mara moja akasema, "Ormilo," jina la Kimasai la ugonjwa huu wa kuzunguka.

Daktari alipeleka kiganja taratibu karibu na jicho la kushoto, mbuzi akapepesa. Karibu na la kulia, hakupepesa. Ubongo wa kushoto ndio unaoona kwa jicho la kulia, na mnyama mwenye uvimbe ubongoni kwa kawaida huzunguka kuelekea upande wenye uvimbe. Dalili mbili tofauti zikaelekeza mahali pamoja. Kisha akabonyeza fuvu kwa dole gumba, nyuma ya pembe ya kushoto, akaniambia nami nibonyeze. Mfupa ulikuwa unabonyea kama utosi wa mtoto mchanga.

Upasuaji wa kutoa uvimbe huo upo, lakini mbuzi alikuwa ameshadhoofika na baba mdogo akaamua achinjwe, daktari akiwepo. Fuvu lilipofunguliwa, kulikuwa na kifuko cheupe chembamba, ukubwa wa yai la kuku, kimejaa maji safi kama ya chupa. Kwenye ukuta wake, kwa ndani, kulikuwa na vidoti vyeupe vimejikusanya mafungu mafungu, kama punje za mchele uliopondwa. Kila kidoti ni kichwa cha mnyoo anayeitwa Taenia multiceps, na kila kimoja kikimezwa na mbwa kinaweza kuwa tegu mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa sindano mbili zilikwenda wapi. Alikuwa amechoma ivermectin, ambayo minyoo wa aina ya tegu haiwasumbui. Zaidi ya hapo, alikuwa anatibu mbuzi wakati mzunguko mkubwa unapita kwa mbwa. Mbwa anakula kichwa kibichi chenye kifuko, tegu wanakua tumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili yoyote, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi na kondoo wanayameza pamoja na nyasi, na vibuu vinasafiri na damu mpaka ubongoni, ambako kifuko kinakua kwa miezi. Mbuzi hamwambukizi mbuzi mwenzake. Nikamuuliza vichwa vya mbuzi anaochinja anafanyia nini.

"Si nawatupia mbwa?"

Lakini usimwite kila mnyama anayezunguka ormilo. Muda ndio unaotenganisha. Ormilo inakuja kwa wiki, na mnyama hana homa. Akianza kuzunguka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ana homa, sikio na mdomo vimelegea upande mmoja na mate yanamdondoka upande huo, daktari atafikiria bakteria wa Listeria, ambao hupenda kukaa kwenye majani ya silo (yaliyoshindiliwa na kuhifadhiwa) yaliyoharibika. Huyo anahitaji antibiotiki mapema sana, na wewe vaa glavu, kwa kuwa bakteria huyo anaingia hata kwa binadamu. Akiwa na kupe, homa kali, ananyanyua miguu juu anapotembea kama anayevuka mfereji, na anatafuna bila chakula, ni moyo kujaa maji. Naye ni wa haraka. Anayepiga chafya, mwenye makamasi, anayetikisa na kusugua pua chini, huenda ana funza wa puani, na huyo ndiye ambaye ivermectin inamfaa. Aliyeinamisha kichwa upande mmoja lakini anakula vizuri na ana uchangamfu, mnuse sikio. Usaha una harufu yake.

Na mnyama yeyote aliyebadilika tabia ghafla, analia sauti ngeni, anadondosha mate, anashambulia au hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa kinawapata mbuzi na ng'ombe pia. Akikuuma au mate yake yakikuingia kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe.

Mbwa wa baba mdogo ni watatu. Daktari aliwapa praziquantel, dawa ya tegu, akasema warudiwe kila wiki 6 hadi 8 maadamu wanazurura na kula mabaki, na kinyesi cha siku zinazofuata dawa kizolewe na kufukiwa. Mikono ioshwe baada ya kuwashika, na mboga zioshwe, kwa sababu mayai hayo kwa nadra humwingia mtu. Kichwa kilichopikwa mpaka kikaiva hakina tatizo, wala supu yake. Tatizo ni kibichi. Siku hizi baba mdogo akichinja na kichwa hakipikwi, anachimba shimo la kina cha kiuno nyuma ya zizi, kichwa kinaingia humo kabla nyama haijafika jikoni, na juu anapanga mawe ambayo mbwa hawawezi kuyasogeza.